Kabila, Utemi na Dola: Istilahi za Historia kutoka Usangu hadi Bara Hindi

Utangulizi

Mfasiri anayeshughulikia kitabu cha historia ya kale ya Bara Hindi hukabiliwa na tatizo la istilahi mapema sana. Anasoma habari za watu waliojiita Waarya, ambao kati ya miaka 1500 na 1000 hivi kabla ya Kristo walikaa katika mabonde ya mto Indus na matawi yake, wakifuga ng'ombe na kulima shayiri. Kitabu chasema kwamba watu hao waligawanyika katika makabila, na kwamba baadaye makabila hayo yakawa falme. Mfasiri anaandika "makabila", anaandika "falme", kisha anaendelea na kazi. Mwalimu naye anafundisha kama alivyosoma. Sarufi haina kosa, lakini mwanafunzi hakuelezwa kabila ni kitu gani, wala jinsi linavyoweza kugeuka kuwa ufalme.

Madhumuni ya makala hii ni kulichunguza neno "kabila" pamoja na wenzake, yaani "ukoo", "utemi", "ufalme" na "dola", ili tuone kila moja linaweza kubeba mzigo gani. Tumeonelea kwamba yafaa kuyapima maneno hayo kwanza nyumbani, katika nyanda za Usangu na nchi jirani ya Uhehe, ndipo tuyapeleke ugenini. Neno lisiloweza kueleza sawasawa historia iliyo mlangoni petu haliwezi kuaminiwa kueleza historia ya mbali.

Ubaruku na wakazi wake

Ubaruku ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, karibu na Rujewa. Mji huo umezungukwa na mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya mito ishukayo kutoka milima ya kusini na kuungana na Ruaha Mkuu. Atembeaye sokoni hapo atakutana na Wasangu, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa na Wasukuma, wote wakielewana kwa Kiswahili. Katika nyanda hizo hizo wamo pia Wabaluchi, ambao wazee wao walihamia Usangu wakati wa ukoloni na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kilimo cha mpunga cha kumwagilia. Katika miaka ya 1970 shamba kubwa la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China, na watu wa pande nyingi wakazidi kuja kutafuta kazi na ardhi.

Ieleweke kwamba lugha ya asili ya Wabaluchi ni ya jamii ya Kiirani, ambayo ni ndugu wa karibu wa jamii ya lugha za Kihindi-Kiarya. Aidha, mkulima wa Ubaruku anapotaja bei ya mpunga kwa "laki", anatumia neno lenye asili katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Waarya. Na anapopakia magunia katika "gari", anatumia neno jingine lililotufikia kutoka lugha za Bara Hindi. Kwa hiyo hao Waarya wa vitabuni si wageni kabisa kwetu.

Sasa na tuulize: nchi hii inaitwa Usangu, je, Wasangu wamekuwa kabila tangu lini?

Jina hufuata utawala

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 tawala ndogo za tambarare hiyo ziliunganishwa chini ya ukoo mmoja wa watawala, na jina la Merere likawa jina la watawala kadhaa waliofuatana. Wafanyabiashara wa pwani hawakuwaita raia wa Merere kwa jina la Wasangu, bali Warori. Burton, Mwingereza aliyesafiri kwenda Tabora na Ujiji katika miaka ya 1857 na 1858, alilipokea jina hilo kwa watu wa misafara na kuliandika katika kitabu chake. Hivyo watu wale wale walikuwa na jina moja kwao na jingine njiani, na msomaji asiyejua hayo aweza kudhani kwamba yalikuwa makabila mawili.

Katika miaka ya 1840 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, walifika katika nchi hizi. Wasangu walijifunza kwao mbinu za kupigana kwa vikosi na kwa mikuki mifupi, na Wahehe wakajifunza mbinu hizo kwa Wasangu. Hata hivyo, tunaposema "Wahehe" kwa wakati huo tunatangulia mbele ya historia. Kabla ya katikati ya karne ya 19 nyanda za Iringa zilikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja na mtawala wake na jina lake. Aliyeziunganisha alikuwa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, kwa vita na kwa ndoa. Aliweka wasaidizi wake, walioitwa wanzagila, wasimamie sehemu mbalimbali za nchi. Jina la Wahehe lenyewe husimuliwa kwamba lilitokana na mlio wa vita wa askari hao. Waliotekwa na kutii waliingia katika jina hilo, na watoto wao wakazaliwa Wahehe.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Hakukuwa kwanza na kabila la Wahehe ambalo baadaye lilijipatia mtawala. Palikuwa na mtawala, jeshi na boma. Jina la watu likafuata. Utawala ulitangulia, kabila likaja nyuma yake.

Vita vya nchi hizi pia havieleweki vizuri kwa neno "kabila". Mwaka 1877 Elton, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alifika kwenye boma la Merere akakuta limezingirwa na majeshi ya Uhehe. Kwa nguvu za majeshi hayo Merere alilazimika kuhamia magharibi, akajenga Utengule nyingine huko Usongwe, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Baada ya kifo cha Munyigumba mwanawe Mkwawa alishika utawala. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani pale Lugalo, na tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliliteka boma la Kalenga. Utawala wa Merere ulikuwa upande wa Wajerumani, na kwa njia hiyo ukarejea Usangu. Mkwawa alifariki Julai 1898 bila kukubali kushikwa. Katika habari hizi zote tunaona watawala wakipima nguvu, wakitafuta washirika, wakigombea ng'ombe, ardhi na njia za biashara. Hizo ni siasa za madola. Ni desturi, hata hivyo, kuita vita vya Ulaya vita vya mataifa, na vita vya Uhehe na Usangu vita vya kikabila, ingawa pande zote zilikuwa na mtawala, majeshi, boma na mapato yake.

Ukoloni ulilikaza neno hili. Donald Cameron alipokuwa gavana wa Tanganyika kuanzia mwaka 1925, Waingereza walieneza utaratibu wa kutawala kwa kupitia watawala wa kienyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikauwekea msingi. Utaratibu huo ulidhania kwamba kila Mwafrika ana kabila lake, na kila kabila lina chifu wake na mipaka yake. Pale ambapo hali haikuwa hivyo, watu walitafutiwa kabila, na pengine chifu pia. Mwanahistoria John Iliffe alilieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya historia ya Tanganyika. Baada ya Uhuru sheria ya machifu ilifutwa mwaka 1963, na sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza wananchi makabila yao. Neno limebaki katika vinywa na vitabu, nalo limebeba maana iliyokazwa na ofisi za kikoloni: kikundi cha damu moja, cha tangu na tangu, kisichobadilika.

Waarya na majina yao

Tukiwa na funzo hilo, na tuvuke bahari. Habari za kale kabisa za Waarya wa Bara Hindi zimo katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo za ibada uliohifadhiwa kwa kukaririwa kwa vizazi vingi kabla ya kuandikwa. Humo kundi la watu lenye jina lake na mkuu wake linaitwa "jana", neno lisilo na uhusiano wowote na jana yetu ya kalenda. Ndani ya jana mlikuwa na "vish", yaani raia wa kawaida na makazi yao, na chini yake "grama". Msomaji wa leo hufasiri grama kuwa kijiji, na kweli katika lugha nyingi za India za leo neno la kijiji limetokana nalo. Lakini hapo kwanza grama lilikuwa kundi la watu wanaosafiri pamoja na mifugo yao. Kundi likatulia, na jina la wasafiri likawa jina la mahali. Grama zilipokutana pamoja jambo hilo liliitwa "sangrama", na neno hilo likawa na maana ya vita. Neno jingine la vita, "gavishti", kwa asili ni kutafuta ng'ombe. Mzee wa Usangu anayejua habari za ng'ombe waliotekwa katika karne ya 19 hatahitaji maelezo marefu juu ya neno hilo.

Rigveda inataja jana tano mashuhuri, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa Yadu, Turvasha, Anu, Druhyu na Puru, pamoja na Bharata na nyinginezo. Inasimulia pia vita vya wafalme kumi kando ya mto Parushni, ambao leo ni Ravi, ambapo Sudas, mkuu wa Wabharata, aliushinda muungano wa maadui zake. Katika muungano huo walikuwamo watu waliojiita Waarya na wengine wasiojiita hivyo; na Sudas mwenyewe alipigana na Waarya wenzake. Kama ilivyokuwa kwa Merere na Mkwawa, lugha moja au desturi zinazofanana hazikuzuia uadui, wala tofauti hazikuzuia urafiki.

Baadaye Wabharata na Wapuru waliungana, na katika muungano huo likatokea jina jipya, Wakuru, waliotawala eneo la Kurukshetra, kaskazini ya Delhi ya leo. Jirani zao walikuwa Wapanchala, ambao nao walikuwa muungano wa vikundi vya awali. Hapa tena kabila halikukua tu kama mti hata likawa ufalme. Vikundi vilivunjika na kuungwa upya, na utawala mpya ukazaa jina jipya. Jina la Bharata halikufa: Katiba ya India ya mwaka 1950 inaitambua nchi hiyo kwa majina mawili, na la pili ni Bharat. Jina la wachungaji wachache wa kando ya mto limekuwa jina la taifa lenye watu zaidi ya bilioni moja.

Neno "Waarya" lenyewe lahitaji tahadhari. Wenyewe walilitumia kwa watu walioshiriki lugha, ibada na desturi zao. Waandishi wa Ulaya wa karne ya 19 waliligeuza kuwa jina la rangi na damu, na chama cha Hitler nchini Ujerumani kikalitumia kuhalalisha mauaji ya mamilioni ya watu. Kwa sababu hiyo twashauri kwamba mfasiri aseme "wasemaji wa lugha za Kihindi-Kiarya" kila inapowezekana, na asiandike kamwe juu ya "kabila la Waarya" wala "damu ya Kiarya".

Viambishi vyetu na "janapada"

Kadiri watu hao walivyoelekea mashariki, bonde la mto Ganges, ng'ombe waliendelea kuthaminiwa lakini jembe likachukua nafasi kubwa zaidi. Rigveda yataja shayiri, haitaji mpunga. Vitabu vya baadaye vyautaja mpunga. Kilimo kilishikamanisha watu na ardhi, na neno jipya likaenea, "janapada", ambalo maana yake ya asili ni mahali jana ilipoweka mguu. Hapo mtu hakutambulishwa tena kwa kundi lake tu, bali kwa nchi. Vitabu vya kale vya Kibuddha vinaorodhesha nchi kubwa kumi na sita za aina hiyo katika karne ya sita hivi kabla ya Kristo.

Lugha za Ulaya hupata shida kulifasiri neno "janapada". Kiswahili hakina shida hiyo, kwa kuwa viambishi vyetu hufanya kazi ile ile. Wasangu ni watu, Kisangu ni lugha, Usangu ni nchi. Vivyo hivyo Wakuru ni jana, na Ukuru ni janapada yao. Wapanchala wana Upanchala. Mfasiri anayetumia viambishi hivi ameeleza kwa herufi moja jambo ambalo kwingineko lahitaji sentensi nzima.

Lakini kiambishi hicho kina hatari yake. Tusemapo "Usangu" twaweza kudhani kwamba nchi hiyo ni ya watu wa jina moja na imekuwa hivyo siku zote. Soko la Ubaruku latukanusha. Ukuru nako kulikuwa na wakulima, mafundi na watumishi ambao hawakuwa wa ukoo wa Bharata wala wa Puru, na mahali pao katika nchi hiyo palikuwa pa chini. Kiambishi U- kinataja nchi kwa jina la waliotawala, hakihesabu waliomo.

Mkuu wa watu, zawadi na kodi

Mkuu wa jana aliitwa "rajan", na kamusi hutupa "mfalme". Twaona neno hilo ni kubwa mno kwa Rigveda. Rajan wa wakati ule hakuwa na jeshi la kudumu wala makarani wa kodi. Aliongoza vita, aligawa ng'ombe, na alisikiliza mabaraza mawili, "sabha" na "samiti". Anafanana zaidi na mtemi wa Unyamwezi au mtwa wa zile tawala ndogo zilizotangulia kazi ya Munyigumba. Bimbisara wa Magadha, karne nyingi baadaye, alikuwa na mji mkuu, majeshi na maofisa. Huyo ndiye mfalme. Tukiwaita wote wawili "mfalme", mwanafunzi hataona kwamba kuna jambo lolote lililobadilika.

Neno "bali" la Kisanskriti ni mfano mwingine. Hapo kwanza lilikuwa zawadi waliyomletea rajan watu wake. Baadaye likawa malipo ya lazima. Mfasiri aanze na "zawadi" au "ada", kisha ahamie "kodi" pale hali inapobadilika. Tusishangae kwamba neno moja laweza kugeuka hivyo. Katika karne ya 19 "hongo" lilikuwa malipo ya halali ya misafara kwa watawala ambao nchi zao ilipita. Leo ni kosa la jinai.

Aidha, si nchi zote za wakati wa Magadha zilizotawaliwa na mtu mmoja. Wavajji, ambao mji wao ulikuwa Vaishali, walitawaliwa na baraza la wakuu wa koo. Utawala huo, "gana-sangha", baadhi ya waandishi huuita jamhuri. Kwa kuwa wananchi wengi hawakuwa na sauti katika baraza hilo, tunapendelea "dola ya baraza".

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kwanza, "kabila" lisitumiwe kuwa tafsiri ya moja kwa moja ya "jana" wala ya kundi lolote la kale. Panapo jina, litumike jina pamoja na viambishi vyake: Wabharata, Wapuru, Wakuru. Panapohitajika neno la jumla, "jamii" latosha. Pili, "ukoo" libaki kwa watu wanaohesabu uzazi mmoja, na lisitumiwe kwa nchi nzima. Tatu, "utemi" litumike kwa utawala mdogo wa mkuu anayetegemea ridhaa na mabaraza. "Ufalme" kwa utawala wa mtu mmoja wenye maofisa, majeshi na kodi. Na "dola" kwa utawala wowote wenye nguvu za kudumu juu ya nchi, uwe wa mfalme au wa baraza. Nne, kipimo kiwe kimoja kwa wote. Ikiwa Magadha ni dola, basi Uhehe wa Mkwawa nao ni dola. Na ikiwa vita vya Sudas ni vita vya watawala, basi vita vya Munyigumba na Merere si vya kikabila.

Hitimisho

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni maneno tu. Lakini sheria, sensa na vitabu vya shule huandikwa kwa maneno, na ofisi ya mkoloni iliwagawa watu kwa neno moja tu. "Taifa" tunalojivunia leo lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kikundi au sehemu ya watu. Sisi ndio tuliolipanua hata likatutosha sote. "Ikulu" ilikuwa makao ya mtemi, nasi tukaifanya makao ya Rais wa Jamhuri. India nayo ilichukua "sabha" ya wachungaji wa kale ikalipa baraza la chini la bunge lake jina la Lok Sabha. Maneno ya tawala za zamani hayana budi kutumika, mradi tujue yalitoka wapi na tunayapeleka wapi.

Mtoto wa Ubaruku anayesoma katika darasa moja na Msangu, Mkinga, Msukuma na Mbaluchi anastahili kitabu kitakachomweleza kwamba majina haya yote yana historia, kwamba yalifanywa na watu, na kwamba watu wanaendelea kuyafanya. Kazi ya kukiandika kitabu hicho kwa Kiswahili sahihi ni yetu.